Hukumu ya Vita vya Hadithi

Nia yangu katika makala haya ni kupinga desturi moja iliyoingia katika skuli zetu na katika mabaraza yetu bila ya kupiga hodi, na ambayo, kwa nionavyo mimi, inawadhulumu watoto wetu na inazidhulumu hadithi zetu. Desturi yenyewe ni ya kumhukumu shujaa wa hadithi kwa wingi wa nguvu zake na kwa hesabu ya maadui aliowaangusha, pasipo kuuliza kama alilolitenda linatoka katika tabia yake. Najua wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, la mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima ana kazi nyingine za kufanya. Nawaomba wanisikilize kwanza, kisha waamue.

Fikira hii sikuianzia vitabuni. Nilialikwa katika skuli moja ya hapa Mjini, ambayo sina haja ya kuitaja jina, niwe mmoja wa waamuzi watatu katika shindano la insha. Mashindano yalipangwa kwa namna ya vita. Kila mwanafunzi alichagua shujaa mmoja katika hadithi zetu za kale, na mashujaa hao wakapambanishwa wawili wawili. Kila mwanafunzi akaandika jinsi shujaa wake atakavyokabiliana na mwenziwe. Aliyeshinda alisogea mbele, aliyeshindwa alikaa. Mpango ulikuwa mzuri, nami niliufurahia, kwa kuwa haikunipata kwa muda mrefu kuwaona vijana wakibishana juu ya Liyongo na Sungura kwa hamasa wanayobishana nayo juu ya mpira.

Mwishoni walibaki wawili. Mvulana mmoja alikuwa na Fumo Liyongo. Msichana mmoja alikuwa na Mkaajikoni, yule mtoto wa saba wa sultani katika hadithi ya nunda mla watu. Mvulana aliandika kwamba Liyongo alikuja na upanga wa moto, akang'oa mnazi kwa mkono mmoja, akaupiga mlima ukapasuka, na Mkaajikoni akafa kwa pigo la kwanza. Msichana aliandika kwamba Mkaajikoni alijua hamwezi Liyongo kwa nguvu. Basi hakwenda uwanjani. Alikesha siku tatu karibu na kisima, akimtazama adui yake anavyokunywa, anavyolala na anavyoimba. Siku ya nne akarudi jikoni, akaoka mkate wa makapi, akauchukua mwenyewe mikononi bila ya silaha, akauweka mbele ya Liyongo. Liyongo alipouona mkate ule akamkumbuka mama yake, akaweka uta chini, akaketi kula. Vita vikaisha hapo, wala hapana aliyekufa.

Wenzangu wawili walimpa ushindi mvulana. Hoja yao ilikuwa fupi: "Huyu wa msichana hakupigana, asiyepigana ameshindwa." Karatasi ya alama tuliyopewa iliwaunga mkono, maana ilitaja nguvu, silaha na ushindi, na mwisho kabisa lugha, neno tabia halikuwamo. Mimi nilipinga, nikashindwa kwa kura mbili kwa moja. Tulipokuwa tukitoka, msichana yule alinijia akasema, "Shikamoo, Maalim. Nilikuwa nataka kujua nimekosea wapi." Nikaitikia marahaba, kisha nikakosa la kumwambia. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Na tutazame hadithi zenyewe. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu aliuandika Utendi wa Fumo Liyongo katika mwaka 1913, akikusanya habari zilizokuwa zikisimuliwa pwani kwa karne nyingi. Ndani ya utendi huo Liyongo ni mtu wa nguvu za kutisha. Hilo halina ubishi. Lakini hesabuni ni mara ngapi nguvu hizo ndizo zinazomwokoa. Adui zake wanapomwalika katika kikoa, kila mtu apande mti kwa zamu yake kuangua makoma, wanangoja apande ili wamchome kwa mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangua makoma kwa mishale yake akiwa amesimama chini. Hapo hakuonyesha misuli. Alionyesha jicho la mwindaji, nalo jicho la mwindaji huona mtego kabla ya kuona tunda.

Kisha akatiwa gerezani. Mtu wa nguvu angetarajiwa avunje mlango. Liyongo akatunga wimbo. Kijakazi wake, Saada, alikuwa akimletea chakula, na askari walikuwa wakikinyang'anya kilicho kizuri na kumwachia kilicho kibaya. Kwa wimbo ule akampelekea mama yake habari: auoke mkate wa makapi, na ndani yake atie tupa. Askari hawakuutaka mkate wa makapi, ukamfikia. Ngoma ya gungu ilipokuwa ikichezwa, na kelele zikajaa kila mahali, akakata minyororo yake akatoka. Tazama jinsi kila kipande cha hila hii kilivyo cha mtu huyu, wala si cha mwingine. Ni malenga, basi wimbo ndio mjumbe wake. Ni mtu aliyewatazama walinzi wake akaijua tamaa yao. Ni mtoto wa mama yake. Mwondolee ushairi, utakuwa umemwacha gerezani mpaka leo.

Na kifo chake pia ni hivyo hivyo. Hakuuawa na mtu aliyemzidi nguvu. Aliuawa na mwanawe, ambaye sultani alimhadaa kwa ahadi, na ambaye alimwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo akamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Wapo wasomaji wanaomlaumu Liyongo hapa na kusema kwamba mtunzi amemfanya mjinga ghafula. La, hakumfanya mjinga. Mtu aliyeutegemea upendo wa mama yake gerezani ndiye huyo huyo anayeutegemea upendo wa mwanawe nyumbani. Lile lililomwokoa ndilo lililomwua. Hata sultani hakubadilika: hakuna mahali popote anapomkabili Liyongo ana kwa ana. Alituma watu wa kikoa, akatuma askari, mwisho akamtuma mtoto. Woga wake ndio hila yake, tangu mwanzo hata mwisho.

Sasa yule wa pili, Mkaajikoni. Hadithi yake ilichapishwa katika mwaka 1870, katika kitabu cha Edward Steere cha hadithi alizozikusanya hapa Unguja kutoka kwa wenyeji. Jina lake ni dharau: ni mtoto akaaye jikoni, asiyethaminiwa na baba yake. Sultani alikuwa na mtende, na ndege akaja akala tende. Ndugu wakubwa wakapewa ulinzi, wakalala. Mkaajikoni akaenda na nafaka ya kutafuna pamoja na mchanga; usingizi ulipomjia akatia mchanga mdomoni, na ule ukwaruzo wa mchanga menoni ukamwamsha. Akamkamata ndege. Ni nani mwingine angeweza kuvumbua silaha kama hiyo ila mtu wa jikoni, aliyekwisha kutafuna chakula chenye mchanga mara nyingi, na akajua kwamba hapana alalaye huku mchanga ukimlia menoni?

Baadaye paka wa sultani akageuka nunda. Watu walipomshitaki, sultani alikataa kusikia kwa sababu paka ni mali yake, mpaka nunda alipowaua wanawe mwenyewe. Hapo Mkaajikoni akaingia mwituni. Hakumjua nunda ni mnyama wa namna gani. Akaua mnyama mdogo, akamletea mama yake. Mama akamwambia siye. Akaua mkubwa zaidi, siye. Akaendelea hivyo, kila safari akijifunza dalili moja, hata akampata nunda mwenyewe. Ushindi wake wa mwisho haukumjia kama mvua isiyo na wingu. Ulijengwa kwa makosa yake, kwa ustahimilivu wake, na kwa tabia yake ya kurudi nyumbani kuuliza.

Basi msichana yule alifanya nini? Alimchukua Mkaajikoni kama alivyo: mkeshaji, mtazamaji, mpishi, mtu ajuaye kuwa yeye ni mdogo. Akamkabilisha na Liyongo kama alivyo: mwenye nguvu, mwenye wimbo, mwenye mama. Akautumia mkate wa makapi, ambao katika utendi ulikuwa ufunguo wa gereza, kuwa ufunguo wa moyo. Mvulana, kwa upande wake, alichukua jina la Liyongo akalivika mwili wa mtu asiyejulikana. Ule upanga wa moto si wa Liyongo, na mlima uliopasuka si wake. Futa jina lake katika insha ile uandike jina lolote ulitakalo, hutahitaji kubadili sentensi moja.

Hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa waamuzi, nacho kina maswali matatu. La kwanza: je, tendo hili lingeweza kufanywa na shujaa mwingine yeyote pasipo kubadili neno? Likiwa linaweza, basi mwandishi hajaandika juu ya shujaa wake. La pili: je, msomaji aliyeijua hadithi ya kale angelishangaa tendo hili, kisha akasema, "Naam, huyu ndiye"? Mshangao peke yake hautoshi, na mazoea peke yake hayatoshi. Vinatakiwa vyote viwili. La tatu: je, tabia ile ile inayompa shujaa ushindi inamtoza gharama? Maana tabia isiyo na gharama ni dawa ya mganga wa uongo, yenye kuponya kila ugonjwa.

Nimeambiwa kwamba kipimo hiki ni cha kuwapendelea wapole, na kwamba nimempenda msichana kwa kuwa insha yake haina damu. Sivyo. Kipimo hiki kinaikata insha yake pia. Liyongo aliyeutambua mtego wa makoma, kwa nini asiushuku mkate ulioletwa na adui? Msichana hakulijibu swali hilo, na alitakiwa kulijibu; pengine Mkaajikoni angekula yeye kwanza, au Liyongo angemwimbia wimbo wa kumjaribu. Kwa kosa hilo mimi nilimpunguzia alama. Na katika insha ya mvulana palikuwa na jambo moja jema: kabla ya kupigana, Liyongo wake aliimba. Angelifuata wimbo ule mpaka mwisho wake, pengine angelishinda kwa haki, na kwa damu akitaka. Lakini aliuacha, akaukimbilia mnazi.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni hii: nguvu zinapimika, tabia haipimiki, na mwamuzi asiye na kipimo ataamua kwa mapenzi yake. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini nawauliza wanaoisema: je, katika nchi hii hatujazoea kuhukumu vitu visivyopimika kwa ratili? Shairi lina vina na mizani, navyo vyahesabika. Hata hivyo hakuna mzee wa Unguja atakayeliita shairi zuri kwa sababu ya mizani iliyotimia tu. Atauliza lina maneno gani, na kama maneno hayo yamekaa mahali pake. Wachezaji wa bao huketi na kete 64 zile zile, juu ya mashimo yale yale, chini ya sheria zile zile. Na watazamaji waliozizunguka kete hizo hutambua kwamba huyu ni mchezaji wa pupa na yule ni mchezaji wa subira, na humsifu mtu kwa mchezo mzuri hata akifungwa. Macho tunayo. Tunayafumba tunapofika kwenye hadithi, kwa kuwa tumepewa karatasi ya alama.

Hoja ya tatu husemwa na vijana wenyewe: mwandishi yu huru, na shujaa anaweza kubadilika. Ni kweli, tena ni uzuri wa hadithi. Lakini kubadilika si kubadilishwa. Mkaajikoni alibadilika kutoka mtoto wa majivuni hata akawa muuaji wa nunda, nasi tulitembea naye njia nzima. Mtu akilala maskini akaamka tajiri, watu watamwuliza amezipata wapi. Swali hilo hilo twapaswa kumwuliza mwandishi ambaye shujaa wake amelala mwoga akaamka simba.

Na kwa kuwa tunasema juu ya vita, hatuwezi kuvisahau vile vita ambavyo kisiwa chetu hiki kinavifanya kila mwaka mchana kweupe. Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba. Wanawake huimba, na nyimbo zao hazimstahi mtu. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Mgeni asiyejua hutazama akauliza, "Nani ameshinda?" Wenyeji hucheka. Hakuna ahesabuye mapigo. Watu wanapigana ili chuki za mwaka uliopita zitoke, na mwaka mpya uwakute wamepatana. Anayejua kupigana hapo ni yule anayeijua sababu ya kupigana: apige kwa hasira ya kweli, kisha aitupe migomba ahesabu kwamba deni limekwisha. Mtu akija na panga katika uwanja ule, hata akiwaangusha wote, hatasifiwa. Ataonekana hakuelewa mahali alipo. Basi, ikiwa katika vita vya kweli, venye maumivu ya kweli, wazee wetu hawakuona kuwa ushindi ni kitu pekee, kwa nini sisi tuwafundishe watoto kwamba katika vita vya karatasi ushindi ndio kila kitu?

Wala si hadithi za kale tu zenye somo hili. Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Unguja, alituzo katika shindano la uandishi la mwaka 1957-58 kwa kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ni mtu wa kiko na wa kufikiri. Watu wanaposhikwa na hofu ya mizimu, yeye hutazama, huuliza, hunyamaza. Fikirini kama katika sura ya mwisho Bwana Msa angelivua koti na kuwapiga ngumi wabaya wake kumi. Msomaji angelishinda pamoja naye kwa dakika moja, na angelimpoteza milele. Abdulla alilijua hilo, na ndiyo sababu Bwana Msa aliishi katika vitabu vingi baada ya kile.

Sasa nirudi kwa wale waliosema kwamba jambo hili ni dogo. Mtoto anayefundishwa kwamba shujaa ni kapu la nguvu, ambalo mtu hulijaza apendavyo, anafundishwa pia namna ya kuwatazama watu. Atamwona mwenziwe darasani akauliza, "Ana nini?" wala si, "Ni nani?" Atamsifu mkubwa kwa kuwa ameshinda, wala hatauliza ameshinda kwa njia gani na kama njia hiyo yamfaa mtu wa cheo chake. Yule sultani wa hadithi ya nunda alimtazama paka wake akaona mali, akamtazama Mkaajikoni akaona mtoto wa majivuni. Kwa sababu hakujua kusoma tabia, hakumjua mla watu aliyekaa miguuni pake, wala hakumjua mwokozi aliyekaa jikoni kwake. Ujinga huo uligharimu maisha ya wanawe. Sidhani kwamba ni jambo dogo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mambo mawili. Kwanza, mashindano haya yasifutwe. Yazidishwe, na kila skuli ya Unguja iwe nayo, kwa sababu mtoto anayemwandikia Liyongo vita vipya hana budi kuusoma utendi wa zamani. Pili, karatasi ya alama ibadilishwe, na mstari wa kwanza kabisa uandikwe neno tabia. Nguvu, silaha na ushindi vifuate nyuma, kama watumishi wanavyomfuata bwana wao.

Na wewe, mwanangu, uliyeniuliza umekosea wapi, hili ndilo jibu. Ulikosea mahali pamoja: ulisahau kwamba Liyongo ni mtu wa kushuku. Rudi katika insha yako, umpe sababu ya kuuamini mkate ule. Mahali pengine pote hukukosea. Tuliokosea ni sisi tuliokaa mezani siku ile, nami ni mmoja wao, kwa kuwa nilipinga kwa sauti ndogo kuliko ilivyopasa.